Mgeni Akifika Hola, Aanzie Ofisi Gani?

Anayetoka Garissa kwa basi huvuka daraja la Mto Tana na papo hapo ameshaingia kaunti ya Tana River, upande wa Madogo. Kizuizi cha hapo kinajulikana na kila msafiri wa njia hiyo. Abiria hushuka, hupanga foleni juani, kila mmoja kadi mkononi. Kondakta anapiga ubavu wa basi kuwaharakisha; askari anageuza kadi mbele na nyuma, anatazama uso, anairudisha. Wengi hurudi kitini haraka. Basi likishika njia ya Bura na Hola huku abiria mmoja kabaki pembeni ya barabara, maelezo yanayotolewa huwa mafupi tu: hana karatasi.

Wasio na karatasi, hata hivyo, si watu wa aina moja. Aliyebaki anaweza kuwa mkimbizi wa kambi za Dadaab ambaye ruhusa yake ya kusafiri imekwisha muda. Anaweza kuwa kijana wa Ethiopia aliyeahidiwa kazi Afrika Kusini, kisha akatelekezwa njiani na mtu aliyemlipa. Huenda ni Muorma au Mwardei, Mkenya wa kuzaliwa, ambaye amekuwa akizungushwa kitambulisho tangu atimize miaka 18. Au ni mama wa Kipokomo ambaye kipande chake kilikwenda na maji pamoja na magodoro na mbuzi. Kila mmoja wa hawa ana sheria yake, ofisi yake na muda wake. Taabu nyingi za wageni na wenyeji wa Hola huanza pale mtu anaposimama kwenye foleni isiyo yake, akajibu maswali yasiyomhusu, na majibu hayo yakaandikwa.

Kwa hiyo swali la kwanza la yeyote anayetaka kusaidia, awe ndugu, imamu, mwalimu au mwenye nyumba ya kupangisha, ni hili: huyu ni nani mbele ya sheria?

Aliyekimbia vita au mateso kwao anaangukia Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022. Sheria hiyo haimuulizi kwanza alipitia mpaka gani. Inamtaka ajitokeze kuomba hifadhi mara anapoingia, na kwa vyovyote ndani ya siku 30. Akiomba kwa nia njema, hashtakiwi kwa kuingia bila kibali, na harudishwi alikotoka ikiwa huko maisha yake yamo hatarini. Siku hizo 30 ndizo zinazopotea Hola. Mgeni anafika usiku, anapokewa na watu wa lugha yake, anaambiwa apumzike kwanza, halafu apate kibarua kidogo, halafu mwezi umepita. Akikamatwa siku ya 50, kusema kwamba ni mkimbizi kunaonekana kama ujanja wa kukwepa mahakama.

Hola haina kambi ya wakimbizi. Ofisi za Idara ya Huduma za Wakimbizi anazoweza mgeni kuzifikia ziko Dadaab, mbele ya Garissa, au Mombasa, safari ya kilomita 300 hivi kupitia Garsen na Malindi. Njia zote mbili zina vizuizi. Ndiyo maana si busara kumpandisha mtu basi kimyakimya eti atajieleza akifika. Lililo salama zaidi ni kumpeleka kituo cha polisi cha Hola au kwa chifu mchana, akiwa na mwenyeji anayejulikana, aseme waziwazi kwamba anaomba hifadhi, na maneno hayo yaandikwe kwenye OB, yaani daftari la matukio la polisi. Namba ya OB, tarehe na jina la kituo viandikwe kwenye karatasi na kupigwa picha kwa simu. Siku hiyo hiyo shirika la msaada wa kisheria lipigiwe simu. Akisimamishwa kesho yake njiani, angalau ana ushahidi kwamba hakujificha.

Wapo watakaosema kumpeleka mgeni polisi ni kumchongea. Hofu hiyo ina sababu zake. Mwaka 2014, katika operesheni ya polisi ya Usalama Watch, maelfu ya watu walizolewa Nairobi na kufungiwa uwanja wa Kasarani, wenye karatasi na wasio nazo. Lakini anayeficha naye yumo hatarini. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 inamhesabia kosa anayemhifadhi mtu huku akijua yuko nchini kinyume cha sheria, na pia mwajiri anayempa kazi mgeni asiye na kibali. Ukarimu wa Tana ni mkubwa, na uendelee, ila uende pamoja na kuripoti.

Mkimbizi aliyekwisha kuandikishwa ana hesabu nyingine. Kenya inahifadhi zaidi ya wakimbizi na waomba hifadhi 800,000, na karibu nusu yao wako Dadaab, kambi zilizoanzishwa mwaka 1991 kwa ajili ya waliokimbia vita vya Somalia. Mwaka 2025 mgao wa chakula ulipokatwa kwa sababu ya upungufu wa fedha za wafadhili, haikushangaza kuona watu wakitafuta vibarua nje ya kambi. Sheria ya 2021 inampa mkimbizi aliyetambuliwa haki ya kufanya kazi, biashara au taaluma aliyo na sifa zake, na Mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025 unalenga kuzigeuza kambi ziwe makazi yanayoishi pamoja na wenyeji. Hayo yote ni mema, lakini hayajaiondoa ruhusa ya kusafiri. Anayetoka eneo alilopangiwa bado anatakiwa awe na karatasi hiyo, inayotaja aendako na mwisho wa safari.

Sababu zinazokubalika kwa kawaida ni matibabu, masomo, mahakama na dharura za familia. Mtu akiugua akiwa Hola na siku zake zikakaribia kwisha, asingoje ziishe. Aombe barua ya daktari yenye tarehe, ampigie aliyempa ruhusa au shirika linalomhudumia kambini, na aweke nakala ya kila kitu. Barua iliyoandikwa siku mbili kabla ya ruhusa kwisha ina nguvu kuliko kumi zilizoandikwa baada ya kukamatwa.

Sasa tuje mahakamani, maana hapa ndipo watu wanapoumia kwa neno moja. Kwenye mahakama za Kenya mshtakiwa husomewa shtaka, kisha huulizwa kama ni kweli au si kweli. Kijana asiyejua Kiswahili wala Kiingereza, aliyelala seli, aliyeambiwa na wenzake kwamba ukikubali unaachiwa upesi, anatikisa kichwa: ni kweli. Kesi imekwisha hapo. Adhabu ya kuwa nchini bila kibali yaweza kufika faini ya shilingi 500,000 au kifungo cha miaka 3 au vyote viwili, na mara nyingi amri ya kurudishwa kwao hufuata. Kama alikuwa na hoja ya ukimbizi, au ya kuwa mtoto chini ya miaka 18, au ya kuwa ameuzwa na wasafirishaji, haikusikika.

Katiba ya 2010 imeweka kinga, lakini lazima mtu aidai. Kifungu cha 49 kinataka aliyekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, aruhusiwe kuwasiliana na wakili, na apelekwe kortini ndani ya saa 24 au siku ya kwanza ya kazi inayofuata. Kifungu cha 50 kinampa mkalimani bila malipo wakati wa kesi. Kwa Hola hili lina wepesi wake: lugha ya Waorma ni jamaa wa karibu wa Kioromo cha Ethiopia, na kijana wa Kioromo aliyeachwa barabarani anaweza kusikizana na muuza maziwa sokoni kabla hajasikizana na karani wa mahakama. Anayemjua kijana wa namna hiyo anaweza kwenda kortini mapema na kumwambia karani au mwendesha mashtaka kwamba mkalimani anahitajika. Mshtakiwa mwenyewe anachotakiwa kusema ni kwamba hajaelewa, na kwamba anaomba wakili na mkalimani kabla ya kujibu. Si utovu wa adabu kwa hakimu. Na kama hukumu imeshatolewa, rufaa ina siku 14, na Mahakama Kuu iko Garsen, si mbali kama Mombasa.

Kuhusu waliosafirishwa, kuna jambo ambalo hata baadhi ya maofisa hulisahau. Sheria ya mwaka 2010 dhidi ya biashara haramu ya binadamu inasema mwathiriwa wa biashara hiyo haadhibiwi kwa kosa la kuwa Kenya kinyume cha sheria lililotokana na kuuzwa kwake. Kuna tofauti, ni kweli, kati ya mtu aliyelipa avushwe mpaka na mtu aliyedanganywa, akanyang'anywa pasipoti, akafungiwa nyumba huku jamaa zake wakidaiwa fedha zaidi. Lakini wa kwanza hugeuka kuwa wa pili njiani bila kujua. Machi 2020, kule Tete nchini Msumbiji, Waethiopia 64 walikutwa wamekufa ndani ya kontena la lori lililotoka upande wa Malawi. Walikuwa wametoka kwao kutafuta maisha kama vijana wengine. Anayekutana na kijana wa namna hii Hola amuulize maswali machache kwa upole: nani ana karatasi zako? Unadaiwa na nani? Kuna mtu anayekutisha au kuwatisha wa kwenu? Majibu hayo yaandikwe na kufikishwa kwa wakili na polisi kabla ya siku ya kusomewa shtaka.

Na wakili atatoka wapi? Wengi hudhani msaada wa kisheria wa serikali ni wa raia pekee. Sivyo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 imewataja kwa majina wakimbizi, watoto, waathiriwa wa biashara ya binadamu, wakimbizi wa ndani na watu wasio na uraia wa nchi yoyote. Nje ya serikali lipo Refugee Consortium of Kenya, ambalo kazi yake hasa ni kesi za wakimbizi. Kipo pia Kituo Cha Sheria, kilichoanzishwa mwaka 1973, chenye ofisi Mombasa. Na MUHURI, ambayo tangu 1997 imekuwa ikifuatilia haki za binadamu hapa Pwani. Garissa wapo Haki na Sheria, waliobobea kwenye mambo ya uraia na vitambulisho. Hawa si watu wa kutishwa kwa jina la mahakama kubwa. Desemba 2012 serikali ilipoamuru wakimbizi wa mijini wahamishiwe kambini, Kituo Cha Sheria walikwenda Mahakama Kuu na Julai 2013 amri ikabatilishwa. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuifunga Dadaab, kesi nyingine, safari hii pamoja na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, iliishia Februari 2017 kwa uamuzi kwamba tangazo hilo lilikiuka Katiba.

Tumwache mgeni kidogo, turudi kwa mwenyeji anayegeuzwa mgeni.

Kwa miaka mingi kijana wa Kiorma, Kiwardei au Kisomali akienda kuomba kitambulisho alikuwa akipitishwa mbele ya kamati ya wazee na maofisa, aulizwe babu yake alizikwa wapi na chifu wa mwaka fulani alikuwa nani. Mwenzake wa Nyeri au Kisii hakuulizwa hayo. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia saini tangazo la kuondoa ukaguzi huo wa ziada kwa kaunti za mipakani. Tangazo ni jambo moja, na karani wa usajili ni jambo lingine. Kijana anayeambiwa arudi wiki ijayo kwa mara ya nne asiondoke mikono mitupu. Sheria ya Haki katika Maamuzi ya Utawala ya mwaka 2015 inampa haki ya kudai sababu kwa maandishi, na barua fupi ya kuomba sababu, yenye mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yake, hufanya kazi ambayo makelele dirishani hayaifanyi. Akinyamaziwa, malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana kama ofisi ya Ombudsman, hayalipiwi.

Kuna kundi lililonaswa pabaya zaidi. Wakati wa ukame, familia za Kikenya jirani na Dadaab ziliandikisha watoto wao kambini ili wapate chakula, shule na matibabu. Njaa haikuwaachia nafasi ya kufikiria miaka kumi na minane mbele. Mtoto alipokua na kwenda kuomba kitambulisho, mashine ikasoma vidole vyake na kumtaja mkimbizi. Makumi ya maelfu ya watu wanakadiriwa kukwama hivyo, hawaajiriwi, hawasajili laini ya simu kwa jina lao, hawapiti kizuizi. Waathiriwa walikwenda Mahakama Kuu ya Garissa wakisaidiwa na Haki na Sheria, na Januari 2025 wakashinda. Aliye na tatizo hilo Bura, Madogo au Hola asianze upya kwa jina jingine wala umri mwingine, kwa sababu vidole ni vile vile na uongo wa pili utamharibia ukweli wa kwanza. Akusanye kitambulisho cha mzazi, cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki, rekodi za shule na barua ya chifu, kisha afuate njia ambayo wenzake wameshaifungua.

Kwa wazazi wa sasa: mtoto mwenye baba au mama Mkenya ni raia kwa kuzaliwa, popote alipozaliwa. Ndivyo kinavyosema kifungu cha 14. Mama wa Hola aliyeolewa na mkimbizi hana sababu ya kumwandikisha mwanawe kambini. Amchukulie cheti cha kuzaliwa, na achukue ndani ya miezi sita ya kwanza, kabla usajili haujawa wa kuchelewa na wenye masharti zaidi. Karatasi ya hospitali inayotolewa baada ya kujifungua ndiyo mwanzo wa cheti hicho. Aliyezalia nyumbani amuone naibu wa chifu. Mtoto wa wazazi wote wakimbizi naye huandikishwa na kupewa cheti. Cheti hakimfanyi raia, lakini kinathibitisha umri na wazazi, na kesi nyingi baadaye husimama juu ya mambo hayo mawili.

Hospitali na shule zisiwe kitu cha kuogopa. Katiba inaposema kuhusu matibabu ya dharura inasema mtu asinyimwe, haisemi raia. Mjamzito aliyeanza kutokwa na damu apelekwe Hospitali ya Rufaa ya Kaunti pale Hola kwanza, karatasi zifuate. Elimu ya msingi nayo ni ya kila mtoto. Mwalimu mkuu akikwama kwenye mfumo wa usajili kwa kukosa namba ya cheti, ofisa wa watoto ndiye wa kuonwa, naye ndiye pia wa kukabidhiwa mtoto aliyefika peke yake bila mzazi. Namba 116 ya watoto na 1195 ya waliodhulumiwa kijinsia hupigwa bure, na hazichagui uraia.

Kisha kuna wale waliofukuzwa makwao bila kuvuka mpaka wowote. Mapigano ya kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, Riketa, Kilelengwani, Kipao na kwingineko, yaliua watu zaidi ya 100 na kutawanya maelfu. Mto nao haukungoja: mafuriko ya 2018, ya mwishoni mwa 2023 na ya Aprili na Mei 2024 yaliwahamishia watu kwenye mahema juu ya miinuko. Kenya ina Sheria ya Wakimbizi wa Ndani tangu 2012, inayotaja waziwazi majanga ya asili pamoja na vita, lakini ni wachache vijijini waliowahi kuisikia. Anayehamishwa ahakikishe jina lake na la kila mtu wa nyumbani mwake limo kwenye orodha ya chifu na ya Msalaba Mwekundu, na ajue ni orodha ipi: ya chakula, ya mahema au ya hasara. Orodha ya hasara ndiyo husahaulika. Shamba la maembe lililozama lipigwe picha kabla maji hayajakauka. Aliyepoteza kitambulisho achukue abstrakti ya polisi mapema, halafu aende Huduma Centre.

Linabaki suala la madalali. Kuomba hifadhi hakulipiwi, kuandikishwa kuwa mkimbizi hakulipiwi, na kuhojiwa na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, kwa ajili ya kuhamishiwa nchi nyingine hakulipiwi. Anayeomba atumiwe M-Pesa ili jina lisogezwe mbele anauza asichokuwa nacho. Mbaya zaidi ni anayeuza kadi ya Mkenya mwingine, maana mnunuzi huacha kuwa mkimbizi mwenye kesi nzuri na kuwa mshtakiwa wa kughushi.

Shirika likikubali kuchukua kesi, mteja aondoke hapo na vitu vitatu: namba ya faili, jina la ofisa anayeishika na tarehe ya kuulizia tena. Akibadilisha namba ya simu au akihama kutoka Hola kwenda Garsen, awajulishe, kwa sababu mahakama inapoita na mwombaji hapatikani, faili hufungwa na wakili hana la kujibu. Makaratasi halisi yakae ndani ya mfuko wa plastiki nyumbani kwa mtu mwaminifu anayeishi mbali na kingo za mto, nakala atembee nazo, na picha zake zitumwe kwa ndugu aliye mji mwingine.